Tundu la Hewa la Kapteni Maganga

Sifa njema ni za Mwenyezi Mungu, anayewashika kunguru na mwewe hewani bila parafujo hata moja, bila kitabu cha matengenezo, na bila kumwita fundi. Rehema na amani zimshukie Mtume wake na kila aliyemfuata kwa wema. Namshukuru kwa macho ambayo bado yanasoma kwa msaada wa miwani, kwa magoti ambayo bado yanasujudu ingawa yanalalamika, na kwa miaka yote niliyofanya kazi chini ya mabawa ya ndege ndogo bila mtu hata mmoja kuumia kwa mkono wangu. Hilo la mwisho silisemi kwa kujisifu. Mkimaliza kusoma mtajua wenyewe kwamba ilikuwa rehema tupu.

Vijana wangu mnaojifunza ufundi wa ndege huwa mnanipigia simu hapa kwangu Visiga kuniuliza mambo makubwa: injini, propela, nyaya za umeme. Nami huwageuzia swali: tundu la hewa la ndani ya ndege likiwa gumu, utalifanyaje? Mnacheka. Mmoja wenu aliniambia, "Mzee, hicho nacho ni kitu cha kuuliza? Si kama feni ya basi tu?" Haya. Leo nawasimulia habari za hicho kisicho kitu, ambacho kilikaribia kumfukuzisha kazi mtu mwema na kunifanya mimi niwe mwizi wa jina lake.

Kwanza lijueni lilivyo. Ndege tuliyoitunza ilikuwa ya viti sita, yenye bawa juu. Kwenye pembe ya juu ya kioo cha mbele, karibu na kichwa cha rubani, kuna bomba fupi la plastiki, unene wake kama kikombe cha kahawa. Limeingia ndani ya ala yake, na ala hiyo inapokea upepo kutoka kwenye bawa. Ukilivuta bomba, upepo wa nje unakupiga usoni. Ukilizungusha, unaupeleka unakotaka. Ukilisukuma ndani, linafunga. Baina ya bomba na ala kuna pete ya kitambaa kizito, laini kama cha kofia za watu wa nchi za baridi. Hiyo pete ndiyo inayofanya bomba liteleze bila kelele. Ikishiba vumbi, tundu linakuwa gumu, na rubani huvuta kama anayeng'oa muhogo wa kiangazi.

Na tundu likikataa kufunguka, ndege ndogo kwenye jua letu ni tanuri. Abiria wa nyuma wataanza kunyamaza mmoja mmoja. Mkiona abiria wa ndege ndogo amenyamaza, jueni anatafuta mfuko.

Fundi aliyenilea katika kazi hii aliitwa Mzee Filipo, mtu wa Pangani, hii ya kwetu Kibaha, msiende kumtafuta Tanga. Alikuwa Mlutheri wa kweli, mwimba sauti ya nne kwenye kwaya, na akiwa amelala chini ya ndege alikuwa akinguruma nyimbo zake mpaka mabati ya banda yakiitikia. Mimi Mwislamu, mwalimu wa madrasa siku za mapumziko, na kazini wote waliniita Ustadhi. Tuliheshimiana. Saa ya swala yangu alizima redio mwenyewe. Wakati wa Kwaresima nami sikukaanga nyama karibu yake.

Somo lake la kwanza kuhusu matundu ya hewa lilikuwa hili: tazama kabla hujavuta. Nililipata kwa njia ngumu. Tundu la abiria lilikuwa limekaza, mimi nikaenda na koleo, nikalibana, nikavuta kwa nguvu zangu zote. Likatoka. Nyuma yake wakatoka nyigu, wale wajenzi wa udongo, waliokuwa wamejenga mji mzima ndani ya bomba. Nilitoka kwenye ndege kupitia mlango wa mizigo, na sikumbuki nilifikaje huko nyuma. Mzee Filipo alikuwa amesimama nje na kikombe chake.

"Ustadhi," akasema, "umewabomolea nyumba bila notisi."

Tangu siku hiyo, kabla ya kugusa tundu lolote namulika tochi ndani. Nanyi mulikeni.

Kazi yetu ilikuwa kwenye uwanja wa udongo ng'ambo ya Mzenga, huko Kisarawe. Kampuni ndogo ya ndege ilikuwa ikiwabeba wapima ardhi na watu wa misitu kutoka pale. Palikuwa na banda moja, kambi ya kulala, na duka la Bi Tatu lililokuwa na friji ya soda. Jumatatu alfajiri natoka Visiga kwa pikipiki, napita Mlandizi, naingia barabara ya vumbi hadi Mzenga. Ijumaa narudi kwangu nikiwa na rangi ya matofali ya kuchoma. Vumbi hilohilo ndilo lililokuwa likiingia kwenye matundu.

Rubani wetu alikuwa Kapteni Maganga, Mnyamwezi wa Tabora. Mimi Mzaramo. Sasa nyinyi vijana wa leo utani wa makabila mnausikia kwenye harusi tu, lakini kwetu ulikuwa kazi ya kila siku. Asubuhi hatukuweza kusalimiana bila kutukanana kidogo.

"Mzaramo, umeamka? Nilidhani bado unacheza ngoma."

"Nimeamka kukuhesabia mizigo, Mnyamwezi. Babu zako walibeba kichwani, wewe umepewa mabawa, na bado unachelewa."

Hapo ndipo siku ilikuwa imeanza. Mtu akinisema hivyo nami nikamjibu hivyo, tulijua kwamba hakuna kinyongo. Kumbe utani nao una mahali pake pa kukaa, na mimi niliutoa mahali pake.

Ilianza hivi. Kapteni alilalamika kwamba tundu lake limeanza kuwa gumu. Dawa sahihi ilikuwa kulifungua, kuliosha kwa maji ya uvuguvugu na sabuni laini, kusugua pete kwa mswaki mkuukuu, kuanika kivulini, kisha kupuliza dawa kavu ya kutelezesha inayotoka kwenye kopo. Kopo lilikuwa limekwisha. Jipya lilikuwa linatoka Dar, na kila kitu kilichokuwa kinatoka Dar kilikuwa "kesho".

Kwenye mkoba wangu kulikuwa na kichupa cha mafuta ya nazi. Mke wangu, Mama Zuhura, huyakamua mwenyewe na hunifungia kila wiki kwa ajili ya ngozi na ndevu. Na nyumbani kwetu, kama nyumba nyingi za Pwani, mafuta ya nazi yanatengeneza kila kitu: bawaba ya mlango, cherehani, mnyororo wa baiskeli, sikio la mtoto, goti la bibi. Nikajiambia, kilichomfaa bibi yangu hakitashindwa na plastiki. Nikadondosha matone matatu. Pete ikanywa. Nikaongeza. Ikanywa tena, kama andazi la jana linavyokunywa chai. Nilipomaliza, tundu lilikuwa linateleza kwa kidole kimoja.

Kapteni alilijaribu pale chini, akafurahi. "Leo Mzaramo umefanya kazi! Na ndege inanukia wali."

Sikumwambia mtu nimetumia nini. Sikuona kama ni siri. Niliona si kitu. Angalieni hapo, vijana. Kosa langu la kwanza halikuwa mafuta. Lilikuwa kutoandika.

Siku ya pili Kapteni alirudi shati limeloa. "Tundu limekataa. Nililifunga kule juu kwa sababu ya baridi, wakati wa kushuka likagoma kufunguka. Mpima ardhi mmoja ametapika kwenye kofia yake."

Sisi mafundi tulikuwa na desturi: ndege ikitua, iache ipumue, na wewe kunywa chai. Nikanywa chai. Nikaenda, nikalisukuma tundu kwa kidole. Likateleza kama kijana aliyeitwa kula. Nikamwita Mzee Filipo, naye akalisukuma, likateleza. Nikaandika kwenye kitabu cha ndege: limejaribiwa, linafanya kazi vizuri. Mzee akagonga muhuri wake chini.

Wiki iliyofuata ikawa vilevile. Kapteni alishuka akilalamika, mimi nikanywa chai, tundu likateleza, tukaandika. Safari hii nilimtania. "Mnyamwezi, tundu halina neno. Mikono yako imezoea kamba za mizigo."

Akacheka, lakini alicheka kidogo.

Mara ya tatu hakucheka kabisa. Alishuka na kidole kinatoka damu. Alikuwa amelivuta kwa mikono miwili akiwa angani, ndege ikainama upande mmoja, na wapima ardhi wakapiga kelele kila mtu kwa dini yake. "Ustadhi," akaniambia, "mimi sifanyi utani. Tundu hili linakataa kule juu."

Nikanywa chai. Nikaenda. Likateleza.

Mzee Filipo siku hiyo alikuwa ameenda Dar kufuata vipuri, ndege ikabaki inasubiri muhuri wake. Peke yangu na kalamu ya wino, nikaandika kwa mwandiko mzuri wa mwalimu wa madrasa: "Tundu halina kasoro. Rubani aongezewe ugali."

Niliona nimefanya utani mtamu sana. Nakala ya ukurasa ule, kama ilivyokuwa kawaida, ikaenda ofisini Dar kwa Meneja. Naye Meneja alikuwa mtu makini, msomi, asiye na utani na kabila lolote duniani. Alisoma kwamba rubani wake amelalamika mara tatu juu ya kitu kizima, kwamba ameiacha ndege ikainama, na kwamba fundi anaona mwili wake umedhoofika. Akaandika barua. Jumatatu angekuja nayo mwenyewe. Kapteni Maganga asimamishwe kuruka, akapimwe mwili na akili, na mkataba wake uliokuwa unakwisha mwezi ule usiongezwe.

Habari hizo alituletea Mzee Filipo Ijumaa mchana, alipotoka Dar. Kapteni alikaa kwenye ngazi ya ndege. Rubani akishaandikwa kwamba alipimwa akili, vijana, hata akikutwa mzima, nani atampa ndege tena?

Mzee Filipo akanivuta pembeni. "Jumatatu hiyohiyo," akasema, "nitampa Meneja barua yako."

Barua yangu ilikuwa ya kuniombea muhuri. Bila muhuri, fundi hutengeneza na mwingine hukagua na kuidhinisha. Ukiwa na muhuri, sahihi yako ndiyo inayoiruhusu ndege kuondoka. Nilikuwa nimeungoja miaka minane. Nilirudi Visiga moyo wangu una vyumba viwili, kimoja kina furaha, kingine sikutaka kukifungua.

Ilikuwa mwezi wa saba, nanyi mnajua asubuhi za mwezi wa saba huku kwetu; watu wa Iringa wanatucheka, lakini sisi tunavaa masweta. Jumapili baada ya swala ya alfajiri niliomba mafuta. Mama Zuhura akanipa chupa. Nikaigeuza, hakikutoka kitu. Ndani mafuta yalikuwa meupe, magumu kama mshumaa.

"Yameganda," akasema. "Yaweke juani kidogo, au karibu na jiko."

Nikabaki naitazama chupa.

"Baba Zuhura, mbona unaitazama chupa kama umeona jini?"

"Yanaganda kwa baridi gani, Mama Zuhura?"

"Baridi hii hii ya Mungu! Kila mwaka yanaganda. Umenioa lini wewe?"

Nikaketi kwenye kigoda. Yakanijia yote kwa mpangilio. Kapteni anapanda juu, baridi ya juu ni zaidi ya hii ya Visiga. Pete imelewa mafuta. Mafuta yanaganda, tundu linashikwa. Ndege inatua, inakaa kwenye jua la Mzenga, fundi mwema anakunywa chai yake taratibu, mafuta yanayeyuka. Fundi anakuja na kidole chake, anaandika kwamba rubani aongezewe ugali.

Mke wangu akaniuliza, "Una homa?"

"Ninayo," nikamjibu, "lakini si ya kumeza vidonge."

Asubuhi ile nilikuwa na darasa la watoto. Somo lililokuwa zamu yake lilikuwa ukweli. Wallahi sikulichagua. Nilisimama mbele yao nikasema mtu mkweli hapungukiwi, kisha nikafunga kitabu. Nikawapa mapumziko mapema. Walifurahi sana, wakaniombea dua.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana hapa ndipo penye mtihani. Nilikuwa na njia nyepesi. Jumatatu niwahi kabla ya watu, nifungue tundu, nilioshe kwa sabuni, niweke pete mpya. Tundu lingepona kabisa. Hakuna ambaye angejua. Barua yangu ingeenda, muhuri ungekuja. Na kwa kuwa tundu lingekuwa zima, chini na juu, Kapteni Maganga angebaki kuwa mtu aliyelalamikia kitu kizima mara tatu. Njia ile ilikuwa inanitoa mimi na kumzika yeye.

Ningependa kuwaambia kwamba niliikataa palepale. Sikuikataa. Jumatatu niliondoka Visiga mara tu baada ya kuswali, na nilipofika uwanjani jua lilikuwa linachomoza. Nililifungua tundu lote, bomba na ala yake. Nikaweka ndoo ya maji, nikakoroga sabuni, nikanyanyua mswaki. Huku midomo yangu inasema istighfari. Mtu anaweza kutubu na kuiba kwa wakati mmoja, vijana, mimi nimefanya.

Nyuma yangu nikasikia sauti ya nne ya kwaya.

"Ustadhi. Unaosha nini mapema hivi?"

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Nimekuuliza unaosha nini."

Angekuwa amenigombeza labda ningedanganya. Aliuliza tu, kama mtu anayeuliza saa. Nikamweleza yote, kichupa, matone, pete, chai, chupa ya Mama Zuhura. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akainama akatazama ndoo.

"Umeshalitia maji?"

"Bado, Mzee."

"Usilitie. Kapteni hana shahidi mwingine." Akalichukua tundu, akalinusa. "Mafuta ya nazi. Na mimi siku zote nikidhani ni wewe unayenukia."

Halafu akatoa barua yangu mfukoni, akaitazama, akairudisha. Akaelekea dukani kwa Bi Tatu, mimi nikamfuata kama mbuzi wa sadaka.

"Bi Tatu, tunaomba friji yako."

"Friji yote?"

"Nafasi ya soda mbili."

Bi Tatu akalitazama lile bomba, akatutazama sisi. "Hilo dude likae na soda zangu? Mteja akiniuliza ni ladha gani, nimjibu nini?"

"Mwambie ladha ya nazi," akasema Mzee Filipo, bila kutabasamu.

Meneja alifika saa nne kwa gari, mkoba mkononi, viatu vinang'aa kwa dakika mbili za kwanza. Kapteni Maganga alikuwa amevaa sare yake kamili, imepigwa pasi, kama mtu anayekwenda kuzikwa kwa heshima. Mzee Filipo akaomba jambo moja kabla ya barua kusomwa. Akaenda kwenye friji, akarudi na tundu limefungwa ndani ya sweta lake ili baridi isitoke.

"Meneja, naomba uvute hapa."

Meneja akavuta kwa vidole viwili. Halikutoka. Akavuta kwa mkono. Akaweka mkoba chini, akalibana tundu kati ya magoti, akavuta kwa mikono miwili mpaka miwani ikamtelezea puani na tai ikaenda mgongoni. Tundu halikusogea hata unene wa unywele.

Kapteni Maganga alimgeukia Bi Tatu, kwa adabu kabisa. "Bi Tatu, ule ugali wa jana haukubaki? Meneja anahitaji kuongezewa."

Bi Tatu alicheka mpaka akashika friji. Mimi sikucheka. Mzee Filipo akaliweka tundu juani, juu ya pipa la mafuta ya ndege. Tukasimama tukilitazama kama watu wanaongoja yai liive. Kisha akalisukuma kwa kidole. Likateleza.

Meneja akarekebisha miwani. "Kwa hiyo kule juu linaganda, hapa chini linalainika."

"Ndiyo."

"Kapteni alikuwa anasema kweli."

"Mara zote tatu."

"Nani aliweka mafuta?"

Nilikuwa nimeandaa hotuba nzima njiani kutoka dukani. Likatoka neno moja. "Mimi."

"Na aliyeandika habari ya ugali?"

"Mimi pia."

"Nao muhuri," akasema Mzee Filipo, "kwenye maandishi yale mawili ya kwanza ni wangu. Nililijaribu baada ya chai, kama yeye. Ukiandika, tuandike wote wawili."

Meneja akafungua mkoba, akatoa barua ya Kapteni, akaichana mara mbili, na kwa kuwa alikuwa mtu makini akaviweka vipande mkobani asichafue uwanja. Akamwomba Kapteni radhi mbele yetu sote. Halafu akamuuliza Mzee Filipo, "Ulisema una barua ya kunipa?"

"Nilikuwa nayo," akasema Mzee. "Siitoi leo."

Nilikatwa mshahara wa siku saba, na nikapewa onyo la maandishi ambalo bado ninalo, limehifadhiwa pamoja na hati ya ndoa. Muhuri niliungoja mwaka mwingine na nusu. Hayo yote niliyabeba, alhamdulillahi. Ambalo sikuweza kulibeba ni kwamba Kapteni Maganga aliacha kunitania. Alinisalimia vizuri, "Habari za asubuhi, fundi," kama mtu wa benki. Hakuna Mzaramo, hakuna ngoma. Sijawahi kusalimiwa kwa adabu iliyoniuma kiasi kile. Nilimwomba radhi, akanipa. Lakini kusamehe ni jambo moja, na kukuamini tena kichwa chake kikiwa chini ya kazi ya mkono wako ni jambo jingine.

Kwa hiyo nilifanya kazi. Nilijifunza kuandika kila tone, kila parafujo, hata nilipotumia sabuni nyingine niliandika ni sabuni nyingine. Rubani akiniambia jambo limetokea angani, sikuanza tena kwa kutafuta kosa lake. Niliuliza: joto lilikuwaje, urefu gani, ulikuwa umelifunga kwa muda gani? Chai nilihamisha, nikawa nakunywa baada ya kukagua. Siku hizi mna dawa nzuri zaidi, na vitabu vya ndege mnavisoma kwenye simu, lakini simu haiwezi kukaa kwenye kiti cha rubani na kukueleza alichokiona. Yeye anaweza. Msikilizeni.

Muhuri ulipokuja hatimaye, Mzee Filipo alinikabidhi asubuhi moja bila sherehe, akaenda kulala chini ya injini akinguruma wimbo. Ndege ya kwanza kuidhinisha ilikuwa ileile ya viti sita. Nilikuwa nimeyafungua matundu yote, nimeyaosha, nimeweka pete mpya. Niliandika, nikatia sahihi, nikagonga muhuri.

Kapteni Maganga akaja uwanjani na bibi mmoja mzee aliyejifunga khanga mbili. Ni mama yake, alikuja kumtembelea, na kwa ruhusa ya ofisi alikuwa anapandishwa ndege kwa mara ya kwanza katika maisha yake, sehemu ya safari ya kurudi Tabora. Nikamwamkia. Kapteni akachukua kitabu, akasoma ukurasa mzima, mstari kwa mstari, mpaka akafika kwenye muhuri.

"Huu ni wako?"

"Wangu."

"Na tundu la kulia, la abiria?"

"Nimelifanya mwenyewe. Kila nilichotumia nimeandika hapo."

Hakulijaribu. Alimshika mama yake mkono, akampandisha, akamketisha kiti cha mbele kulia, palepale chini ya tundu, akamfunga mkanda. Halafu akatoa kichwa dirishani.

"Mzaramo," akasema, "sogea huko mbali na propela, usije ukanipotezea muda nikaokota ndevu zako."

Nilisogea. Nikasimama kando ya uwanja nikalia, na vumbi la Mzenga likanisaidia kuficha.

Mola aibariki mikono ya kila anayesoma maneno haya, aipe kazi ya halali na subira ya kuimaliza. Awape kalamu isiyoona haya kuandika kosa, na mwalimu atakayewazuia kabla hamjalitia tundu kwenye ndoo. Wanaowaamini wasijute kuwaamini, na kila mliyemrusha angani atue salama na kukutwa na watu wake wanamngoja. Amina.